Mwanamke Asiye na Uzoefu

Pale Mwanga ya mjini kwetu, kando ya ziwa, karibu na soko, kuna steshenari ambayo imezaa watu wengi kuliko hospitali. Unaingia ukiwa fundi cherehani, au muuza mawese, au mwalimu aliyechoka kujitolea, na baada ya robo saa unatoka ukiwa mtu mwingine kabisa: mchapakazi, mwaminifu, unayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo, unayependa kusoma, kusafiri na kusikiliza muziki. Nimeziona CV hizo zikitoka kwenye printa zikiwa bado na joto, kama maandazi yaliyokatwa kwa kikombe kimoja. Nikajiuliza, ikiwa mji mzima unapenda kusoma kiasi hicho, kwa nini duka la vitabu nililolijua utotoni siku hizi linauza makava ya simu.

Mama mdogo aliingia humo siku moja asubuhi na kutoka akiwa hajawahi kufanya kazi yoyote duniani.

Yeye ni mdogo wa mama yangu, na ndiye aliyenilea, mtaa wa Gungu, katika nyumba ambayo hadi leo mapazia yake yananuka dagaa. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na shahada, na muswada wa riwaya ambao marafiki zangu wa kule, watu wa kusomeana mashairi kwenye viti vya plastiki, waliuita mkubwa. Kila alfajiri, nikiwa nimelala na ukubwa wangu, mama mdogo alipanda bodaboda kwenda mwalo wa Kibirizi kupokea mitumbwi. Alinunua dagaa, akawatandaza mchangani, akawageuza jua lilipopanda, akawakunja, yaani kuwazoa na kuwafunika, wingu lilipotokea upande wa Kongo. Alianza nikiwa darasa la kwanza. Kazi yote hiyo hufanywa kwa kuinama, na magoti yake yalikuwa yamevimba hivi kwamba hata akiswali ilimbidi akae kwenye kiti. Nesi alimwambia aache kuinama, kana kwamba kuinama ni tabia mbaya aliyojifunza mtu ujanani.

Ndipo mradi mmoja ukaja kujenga vichanja vya waya, vile virefu vya kufika kiunoni, ili dagaa wakauke bila kugusa mchanga. Wakabandika tangazo kwenye ofisi ya mwalo: anatafutwa msimamizi wa ukaushaji, mwenye uzoefu, alete CV, Kiswahili kinakubalika. Mama mdogo alisimama mbele ya karatasi hiyo muda mrefu. Msimamizi hutembea kati ya vichanja akiwa wima. Hilo tu ndilo alilolitaka, na sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile.

Alirudi kutoka Mwanga na faili la plastiki, akanipa nimsomee, maana kijana wa steshenari alikuwa amempa Kiingereza. CV ilisema alizaliwa, alimaliza darasa la saba, anapenda kuogelea. Mbele ya neno uzoefu palikuwa na kistari.

Nikamuuliza kwa nini.

"Aliniuliza niliajiriwa wapi," akasema. "Nikamwambia sijaajiriwa."

Nilikwenda Mwanga nikiwa na hasira ya mtu aliyesoma. Kijana alinisikiliza huku akimkatia mteja mwingine picha za pasipoti. Akaniambia, dada, hii fomati inakubalika kila ofisi, na kama mama hana barua yenye mhuri, basi kwa lugha ya ofisi hajafanya kazi. Nikamuuliza kuhusu kuogelea. Akasema watu wa ziwani wote wanaogelea. Mama mdogo, mwenye miaka yote ile Kibirizi, hajawahi kuingia majini zaidi ya kifundo cha mguu.

Nikaamua kuiandika mwenyewe. Nani mwingine? Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi. Nikakaa barazani siku mbili nikatoa kurasa nne. Zilianza na milima ya Kongo ikijitoa kwenye ukungu, zikaenda kwenye mchanga uliovaa fedha, zikamleta mama mdogo kama mwanamke ambaye jua lenyewe humwomba ruhusa. Nilimsomea Ijumaa mchana. Alikuwa amekaa na miguu ameinyoosha, magoti ameyafunga vitambaa vya maji moto. Alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

"Na huyu," akauliza, "amezikwa lini?"

Hakuwa ananidhihaki. Maisha ya mtu aliyajua yakisomwa kwa sauti ile msibani tu. Nilikasirika kama kawaida ya watu wa aina yangu: nikakunja kurasa zangu nikijiona sijaeleweka. Lakini kistari cha steshenari na pambo langu, sasa naona, vilikuwa ugonjwa mmoja. Yule kijana hakumwuliza alichokuwa akifanya. Mimi pia sikumwuliza.

Jumamosi nikamwuliza. Ilichukua asubuhi nzima, na yalikuwa maandishi bora kuliko yote niliyowahi kuyashika. Alijua kwa kuvunja dagaa mmoja kama mzigo utafika Tabora bila kuota ukungu. Alijua ni mtumbwi gani huchanganya samaki wa jana. Alihesabu miaka kwa giza, kama wanavyohesabu pale mwaloni, maana mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hukaa nchi kavu na hakuna kazi. Pale mchangani walikuwa wanawake kumi na mmoja pamoja naye, na katika masika yote hawakuwahi kupoteza mzigo kwa mvua, kwa kuwa mtu mmoja ndiye aliyesema lini wakunje.

"Nani huyo anayesema?"

"Tunaambiana."

"Nani anaanza?"

Akaangalia kando. "Tunaambiana tu, mwanangu."

Kila sentensi yake ilikuwa hivyo. Tunanunua, tunaanika, tunachagua. Kwetu mwanamke hajisemi. Akijisema, wenzake watamsalimia kesho yake kwa sauti ya kumheshimu sana, na hiyo ndiyo adhabu. Sifa zako husemwa na mwenzako, ukiwa hupo, ikiwezekana. Sasa CV ni kitu gani kama si mtu kusimama kwenye kiti cha mfalme na kupiga kelele kwamba ni yeye? Niliidharau karatasi ile iliyotaka mtu mwenye adabu avue adabu mlangoni. Kisha nikamvua mimi. Nilipokuwa nachapa, kila palipokuwa na sisi niliweka mimi. Mimi huongoza wanawake kumi. Mimi huamua lini mzigo ukunjwe. Ukurasa mmoja, safi, wa kweli. Nikaupeleka ofisini bila kumsomea. Nilijiambia angekataa.

Wakamwita usaili siku ya Alhamisi. Alivaa kitenge cha harusi ya mtu. Alirudi kabla ya saa sita, akakaa, akafungua vitambaa vya magoti, ndipo akanieleza.

Walikuwa watu watatu mezani. Mama mmoja mwenye miwani alichukua karatasi akaisoma kwa sauti, vizuri, akitua kwenye kila mimi. Mama mdogo alisikia mwanamke asiyemjua akijitapa kwa kinywa cha mwingine. Alipoulizwa kama ni kweli, akasema hapana. Hakuna anayeongoza, tunasaidiana. Wakamwuliza aliyeandika ni nani. Mtoto wangu, akasema. Wakatazamana, wakamshukuru kwa kufika.

Wasaili wale walikuwa na mtu mbele yao aliyekataa kujiongezea hata neno moja, na bila shaka wakaandika kwamba si mkweli. Ningeweza kuwadharau kwa kurasa kumi. Nilianza kufanya hivyo pale pale, kwa sauti, nikizunguka sebule.

Mama mdogo akaniacha nimalize.

"Ungenisomea," akasema.

"Ungekataa, mama."

"Jumatatu ningekataa. Jumanne ningekwenda kulisema hilo neno mimi mbele ya wenzangu, wangenicheka mpaka walie. Jumatano wangechoka kunicheka. Alhamisi ningekuwa nimelizoea."

Nilimwandikia kurasa nne za jua kumwomba ruhusa, kisha ruhusa yake mwenyewe sikuiomba.

Kazi alipewa kijana mwenye cheti, mpole, aliyevaa buti. Anapenda, sina shaka, kusoma, kusafiri na kusikiliza muziki. Wiki ya kwanza alivipanga vichanja upande ambako moshi wa wanaokausha samaki wa migebuka hupita, na dagaa wote wakawa na rangi ya chai. Siku hizi, kabla ya kuamua lolote, humfuata mama mdogo pale alipoinama mchangani, kwa kuwa vichanja havijatosha wote, na kumwuliza, mama, unaonaje. Naye humwambia. Mradi umemsifu kijana huyo kwenye kikao.

Mwezi uliopita walibandika tangazo lingine. Wanataka msimamizi wa pili, upande wa Ujiji, mwalo wa Katonga. Mama mdogo alilileta limepigwa picha kwenye simu ya jirani. Nilikuwa nimeapa kutogusa CV ya mtu maishani mwangu, kiapo ambacho, kama viapo vyangu vingi, kilikuwa na maneno mazuri.

Aliniambia nilete kalamu. Akakaa kwenye kiti, mgongo wima, akatazama ukuta ulio mbele yake, si mimi. Neno la kwanza lilichelewa. Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumba ya wengine, kisha akalirudia kwa sauti yake.

"Mimi ndiye ninayesema mzigo ukunjwe."

Niliandika. Aliendelea kwa karibu saa nzima, akitua kila alipohitaji kuhakikisha. Sehemu mbili aliniambia niweke sisi, kwa kuwa hapo kweli walikuwa wote. Tulipofika mwisho alinitaka nimsomee, nikamsomea. Halafu tena. Niliona sentensi moja inayojirudia, nikauliza kama niipunguze.

"Usiguse," akasema.

Kesho yake asubuhi aliikunja karatasi akaiweka kwenye pochi, akapanda bodaboda kwenda Kibirizi, kuwasomea wenzake kwanza.