Kahawa niliyoikataa Izigo

Aibu hii ni yangu peke yangu, siwezi kumsingizia hata shetani. Nilitoka Tunduma siku mbili kwenye basi, miguu imevimba viatu haviingii, njia nzima nawaza migomba ya nyumbani, kwa sababu dada yangu Koku aliniita niwe mshenga wa mwanawe Mugisha (baba yake ni marehemu, na mjomba ni mimi tu, hata kama ni wa kutangatanga).

Ukweni Izigo tulikaribishwa vizuri. Wakati tunawasubiri wazee nikaona nimchangamshe Ta Rwegasira, baba mdogo wa binti, kwa habari za siasa. Hapo ndipo nilipoharibu. Kumbe yeye ni wa chama kile kingine, na kila chama kina diwani wake aliyeondoka kwa aibu: wa kwao aliuza kiwanja cha soko, wa kwetu aliezeka nyumba yake kwa mabati ya zahanati. Akasema wa kwao angalau alichimba kisima. Nikapandwa na hasira, maana mama yangu aliuza ndizi katika soko hilo mpaka akatusomesha. Nikamwambia mabati hurudishwa, soko linarudishwaje?

"Waitu, ndugu yangu, wagonjwa wananyeshewa mpaka leo," akajibu taratibu. "Wewe uko Tunduma, hunyeshewi."

Watu wakacheka, mimi nikanuna. Mara kikaja kikapu cha kahawa, zile punje za kutafuna ambazo kwetu mgeni hupewa kabla ya neno lolote, na aliyeninyooshea ni yeye. Nikarudisha mkono nyuma.

"Sipokei kahawa mkononi mwa mtetezi wa wezi."

Kwetu, kukataa kahawa ya mwenyeji ni kutangaza uadui. Kikapu kikarudi ndani. Mugisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, umeninyima mke."

Koku alipiga magoti kuomba radhi, wakakubali kutusikiliza siku nyingine, ila kwa mshenga mwingine. Mimi nikatolewa nje, nikakaa migombani na mbuzi tuliyemleta, ambaye naye hakupokelewa.

Kesho yake Koku alinisindikiza stendi ya Bukoba, akasema harusi ikifika nitatumiwa picha. Kisha akanipa kahawa iliyofungwa kwa ganda la mgomba, imetoka kwa Ta Rwegasira. Niliitafuna mpaka Biharamulo bila kuinua uso, na sijarudi tena.

Nimeapa: nikipewa kahawa, natafuna kwanza. Lakini soko lile waliliuza, jamani. Na mabati yale hayajarudi.