Redio ya Msajili wa Laini

Msajili wa laini za simu hapa sokoni Chemba ana sauti ya chini, hata salamu huitoa taratibu. Jembe limetusugua vidole hadi alama zimefutika. Mashine ya alama za vidole ikivikataa, msajili hulazimika kumuuliza mtu maswali ya kitambulisho. Kwanza hupandisha sauti ya redio, ili foleni isisikie majibu.

Jana redio iliishiwa betri, na zamu ilikuwa ya Bibi Anyesi.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe, jina la baba?"

Bibi akageuka, akatutazama sisi wa foleni. Basi msajili akamwinamishia sikio, akafumba macho, akaanza kuimba pambio kwa sauti ya kukwaruza, kubwa ajabu. Tukacheka hadi machozi. Nilikuwa nyuma ya bibi kabisa, na jina lile silijui.