Umande Ulioganda Uani Kwangu

Katika kambi yetu ya wafanyakazi, mjini Élisabethville chini ya Wabelgiji, miaka ya hamsini, upepo wa kiangazi ulileta moshi wa tanuru za shaba hadi ndani ya sufuria. Ulinuka kiberiti. Binti yetu, mtoto wa miezi sita, alikuwa akikohoa tangu azaliwe, na mke wangu alikuwa na ombi moja tu.

"Baba ya mutoto, omba bakupe nyumba ingine. Hii itamumaliza."

Kuomba niliomba. Karani wa kambi akanijibu kwamba nyumba haichaguliwi kama nyanya sokoni.

Nilikuwa msaidizi katika maabara ya Mbelgiji mmoja, mkemia, aliyetaka kujua moshi ule unageuka nini ukiingia kwenye maji yaliyoganda. Asubuhi za Juni, kiangazi chetu kikiwa na baridi kali, nilikwangua umande ulioganda katika mabeseni aliyoyatandaza mjini, moja likiwa uani kwangu. Mashine yake ilipitisha kwenye barafu hiyo mwanga usioonekana kwa macho, na kalamu ikachora mstari. Penye salfa, yaani kiberiti cha moshi ule, mstari ulizama.

Basi nikajiona mjanja. Akiiona salfa nyingi kwangu, nilidhani, atakwenda kwa wakubwa kunitetea. Jioni moja nikadondosha katika beseni langu matone ya maji ya salfa niliyoyaiba maabara. Kesho yake mstari ulizama hadi chini ya karatasi. Mkemia alinipa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akawaandikia wakuu wa kambi: mtu huyu asihamishwe, uani kwake ndipo mahali bora kuliko pote pa kupimia moshi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikikiri, ninafukuzwa kazi na nyumba pamoja. Nikiacha matone, mstari utaniumbua. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliingia na kufunika juu. Kila jioni ya baridi nikawa natia matone, huku namsikia mtoto akikohoa ndani.

Mke wangu nilimweleza yote. Hakugombana. Alimfunga mtoto mgongoni.

"Weye bakia na beseni yako. Miye naenda kwa mama, kule Lukafu."

Kibali cha kuwafuata nilinyimwa kiangazi hicho, na kilichofuata pia. Nilipata habari kwamba kikohozi kimekwisha. Mkemia aliporudi kwao na mashine yake, nilipewa nyumba nyingine mbali na tanuru, nikawaita. Binti yangu alishuka kwenye lori akitembea. Nilichuchumaa nikamnyooshea mikono, naye akashika kitenge cha mama yake.

"Mama, huyu ni nani?"

Mama yake aliniachia nijibu mwenyewe.