Koili Chini ya Mkeka wa Wakwe

Nichekeni mapema tuyamalize: ni mimi niliyetandaza koili ya waya wa shaba chini ya mkeka waliokuja kukalia wakwe watarajiwa wa dada yangu Zuhura, nikaitia umeme, kisha nikajificha chumbani nikijiona mtaalamu.

Sebule yetu hapa Bagamoyo ina giza hata mchana, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, na soketi ni moja tu, nyuma ya mlango, kwa hiyo ukitaka taa katikati lazima waya ukatize pale pale watu wanapoingilia. Mama alikosa raha. Baba hatunaye tena, posa ndiyo ya kwanza nyumbani, akawa anarudia tu, "Mzee wa watu atajikwaa kwangu, nitauweka wapi uso huu?" Nami (kidato cha tatu, fizikia nafaulu, adabu bado najisomea) nikaona hapa ndipo pa kumfuta mama jasho.

Koili zangu nilishahangaika nazo uani tangu likizo ianze. Unazungusha waya koili mbili, unazipatanisha kwa kapasita, kile kidude cha kutunza chaji, mpaka ziwe na mdundo mmoja, halafu ukiipa moja umeme wa kwenda na kurudi, ya pili inaupokea bila kuguswa, kama vile unavyogonga sufuria na ya jirani yake ikavuma. Shaba niliivua kwenye mota ya feni iliyokufa (ilikufa yenyewe, msinitazame hivyo).

Basi koili kubwa nikailaza chini ya mkeka, katikati kabisa, waya wake ukapita chini kwa chini hadi chumbani kwangu kwenye kisakiti cha kuutetemesha umeme na betri ya sola, na ile ndogo nikaificha kwenye kitako cha kopo la kioo lenye taa. Wageni wakaingia baada ya swala ya alasiri, shikamooni, marahaba, karibuni, na taa inawaka katikati ya mkeka, haina mkia wa waya. Mshenga wao, Mzee Shomari wa Zinga, akaiinua, akaichungulia chini, akairudisha polepole.

"Nyumba yenu ina mambo, bwana," akamwambia baba mdogo, aliyekuwa amekaa mahali pa baba.

Mimi nimeng'ata pazia nisicheke.

Sasa niambieni, mtoto gani wa pwani asiyejua kwamba katikati ya mkeka ni pa sinia? Pilau likaja kwenye sinia letu la chuma, lile zito la shughuli, baba mdogo akaisogeza taa pembeni, na sinia likatua juu ya koili yangu kama kifuniko juu ya chungu. Taa ikafifia. Mimi pale kwenye upenyo wa pazia naiona taa tu, sinia silioni (mwenye kujisifu huona anachokitaka), nikasema moyoni umbali umezidi, dawa yake ni nguvu, nikaunga betri ya pili.

Mnayajua yale majiko ya umeme yanayopasha sufuria bila moto? Ndilo nililokuwa nimelitengeneza, na wazee wa watu wamelizunguka.

Kwanza pilau likaanza kunong'ona. Mgeni wa posa halalamikii chakula; nilipoupanua upenyo wa pazia nikaona tu vidole vinaingia haraka na kutoka haraka, huyu anapuliza, yule anajifanya anapenda nyama za juu juu. Mzee Shomari akakwangua chini, akatoa kipande cha kahawia, akakitazama sana.

"Ukoko," akasema. "Wa kwenye sinia."

"Ndiyo mapishi ya shemeji," baba mdogo akajibu, na hata yeye hakujua anasema nini.

Kisha mkeka ukatoa moshi, na hapo ndipo nilipong'amua sinia limekaa juu ya nini. Ami yake bwana harusi akanyanyuka, kofia mkononi, akaanza kusoma Ayatul Kursi, akaikatiza katikati kusema, "Shomari, twende zetu. Nyumba hii ina majini." Wote wakasimama. Na jibu la posa lilikuwa halijasemwa, kwetu maneno huja baada ya kula. Kwenye mlango wa uani nikamwona dada Zuhura na birika la kunawia, limemwinamia mkononi, maji yanamwagikia miguu yake na hana habari.

Ningeweza kuchomoa betri nikanyamaza. Jini angebeba lawama, na dada angebaki na sifa ya nyumba yenye majini. Nikachomoa, nikatoka na betri kifuani.

"Si jini, babu. Ni mimi." Nikafunua mkeka, nikawaonyesha.

Mzee Shomari akaitazama koili, akavitazama vidole vyake. "Wewe ndiye uliyetupika?"

"Ndimi, babu. Shikamoo."

"Marahaba." Akakaa tena, taratibu, mabega yanamtikisika, na nilipogundua ni kicheko nikataka kulia. "Kaeni, jamani. Sinia lipoe, tuseme tulichokuja kusema. Na huyu akae hapa mbele yangu, niione mikono yake."

Ndiyo maana dada yangu aliposwa na kukubaliwa mimi nikiwa nimekaa katikati ya wazee, viganja juu ya magoti kama mshitakiwa. Tangu hapo nimeapa: jaribio langu litakaa mezani, na hakuna binadamu mwenye njaa atakayekaribishwa.

Wageni walipoondoka nikaenda uani. Mama alikuwa anasugua ule ukoko kwa mchanga, kanipa mgongo. Nikasimama kungoja changu. Alisugua mpaka nikatamani anipige tuishe, halafu akasuuza mikono, akaifuta kwenye khanga, na bila kugeuka akasema:

"Wote wameiona hiyo taa yako isipokuwa mimi, nilikuwa jikoni. Kaiwashe niione, halafu ndiyo nikupige."