Kichwa cha Gunia

Mimi ni dokta wa majadiliano ya biashara ya kimataifa. Kwetu Mlola, juu milimani Lushoto, udokta huu hauna kazi. Jirani mmoja aliwahi kunionyesha goti lake. Nilipomwambia mimi ni dokta wa mikataba, akashusha mguu wa suruali taratibu na kunipa pole.

Nimefundisha miaka mingi jinsi nchi ndogo inavyokaa meza moja na nchi kubwa. Nimekaa nyuma ya ujumbe wetu katika vyumba visivyo na madirisha, tukibishana asubuhi nzima kama mkataba useme "inaweza" au "itapaswa". Somo nililolipenda kuliko yote ni la kuondoka mezani: kataa kwa utulivu, funga faili lako, na mwenzako atakuita kabla hujafika mlangoni. Nililiamini kabisa, labda kwa sababu hakuna faili langu lililowahi kuoza.

Likizo ile nilimkuta mama amechuma hoho za shamba zima. Zilikuwa zimerundikwa kibarazani juu ya majani ya migomba, na ndizo zingemnunulia mbegu na mbolea ya msimu uliofuata. Pesa yangu kwa ajili ya shamba mama haitaki. Husema siku shamba litakapolishwa na mshahara wangu, yeye atakuwa amestaafu.

Dalali alipofika na lori lake la fuso, mama akaanza kufunga lumbesa. Gunia likishajaa, unalishonea kipande cha gunia jingine juu, unaendelea kujaza mpaka linaota kichwa, kisha linauzwa kwa bei ya gunia moja. Kichwa hakilipwi. Nikamshika mama mkono, nikamweleza dalali, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba sisi tutauza gunia lililoshonwa mdomoni, na kwamba lumbesa hata sheria inaikataza.

"Sawa, dokta," akasema. Hakubishana. Akapanda fuso lake, akaenda kwa jirani.

"Atarudi," nikamwambia mama.

"Nani kakwambia?"

Nilikuwa na jibu la kurasa nyingi. Tulikaa tukisikiliza fuso likipakiwa kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, mpaka likaondoka. Hakurudi siku hiyo, wala iliyofuata. Mvua ikanyesha, barabara ikawa utelezi, na hakuna dalali mwingine aliyepanda. Nilimpigia simu kila ninayemfahamu Lushoto mjini na Tanga. Wote walinichangamkia, hakuna aliyekuwa na gari. Hoho za chini zikaanza kulainika. Mama alizichambua bila kunilaumu, na ningeona afadhali anilaumu. Nikamwambia nitamlipa zote.

"Sitaki unilipe," akasema. "Nilitaka ziuzwe."

Siku ya tatu tukasikia fuso likipanda. Mama alikuwa ameshashona vichwa, virefu kuliko vile vya kwanza, na mimi nilikuwa nimemshikia sindano; magunia tulikuwa tumeshayashusha kando ya barabara. Akajifunga kanga vizuri, akashuka hadi barabarani, nami nyuma yake. Yule dalali ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Mama angeweza kumzaa. Nyumbani kwetu mtoto akisahau kuamkia hurudishwa nje aingie upya, na mimi mwenyewe nilirudishwa mara nyingi. Basi nikasimama nikisubiri kijana amwamkie mama. Mama akamuwahi.

"Shikamoo," akamwambia.

Nilidhani ataona haya. Nilimtazama usoni nikingoja aone haya, aseme hapana mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Yeye alikuwa akiyatazama magunia, akiyapima moja moja kwa macho hadi kwenye vichwa.

"Marahaba, mama," akaitikia. "Haya, pakieni."

Nikainama, nikashika gunia.