Ndoo ya Kutemea

Kipeperushi kilisema: "Misitu ya Kale na Nchi ya Mvinyo, Safari ya Siku Moja." Nilikisoma mara mbili, kama ninavyosoma kila kitu, na sikuona humo jambo la kweli isipokuwa hiyo siku moja.

Hata hivyo ni mimi niliyemtafutia mwongozaji wa safari hiyo mahali pa kuonja mvinyo, kwa hiyo siwezi kuwadharau wengine nikajiacha. Mume wa dada yangu hutengeneza urwagwa, pombe ya ndizi, mlimani juu ya Mahoko, na huiuza sokoni. Mwaka uliotangulia mteja wake mmoja aliugua. Daktari alisema ni malaria na mtu akapona, lakini neno sumu likishatamkwa huku kwetu halingoji daktari. Kwa miezi mingi shemeji alishusha madumu yake sokoni na kuyapandisha tena yakiwa yamejaa. Wateja walikuwa ndiyo kwanza wanarudi, mmoja mmoja. Nikafikiri majirani wakiona wageni wanakunywa uani kwake, maneno yatakwisha.

Wageni wanane, watumishi wa ofisi kutoka Goma, walivuka mpaka wa Grande Barrière kuja kwetu asubuhi wakiwa wamevaa viatu vyeupe kwa ajili ya msitu. Mwongozaji, mtu wa miaka thelathini hivi, alivaa kofia pana yenye kamba kidevuni. Tulipofika ukingoni mwa msitu wa Gishwati alisimamisha gari, akatushusha, akaupiga kofi mti wa kwanza aliouona.

"Bon, muti hii iko na myaka elfu moja. Babu za babu zetu waliikuta hapa."

Ulikuwa mkaratusi. Miti nimejifunza peke yangu, kwa vitabu vya mitumba na daftari, na mkaratusi si mti wa huku, uliletwa. Ule niliukadiria kuwa na umri mdogo kuliko wangu. Msitu wa kale, yaani kilichobaki baada ya watu kukata na kulisha ng'ombe, ulikuwa mbele kidogo, lakini njia ya kwenda huko ilikuwa na matope.

"Hatufiki kwenye ule wenyewe?" nilimuuliza pembeni.

"Muzee, we unaona viatu yao? Unataka wanililie?"

Wakapiga picha wakiwa wameukumbatia mkaratusi. Hakuna aliyeuliza swali.

Saa nane tulikuwa kwa shemeji. Alivaa koti alilovaa siku ya kumwoza binti yake. Majirani wapatao kumi walisimama nje ya ua, kama nilivyotarajia. Mwongozaji alipanga mezani glasi zenye miguu mirefu, na chini akaweka ndoo ya plastiki ya bluu. Shemeji alijimiminia kwanza, akanywa mbele ya wote, akameza, kisha akawajazia wageni.

"Sasa tunafanya kama Ulaya," alisema mwongozaji, ambaye Ulaya ameiona kwenye simu. "Unazungusha, unanusa, unaweka mu kinywa, halafu unatema mu ndoo. Hakuna kumeza. Mutu anajua mvinyo hamezi."

Wote wanane walilelewa kama mimi. Mwenye nyumba huonja mbele yako ili ujue hajakuwekea kitu, nawe unameza ili ajue umemwamini. Ukitema, umemwita muuaji nyumbani kwake. Walijua. Mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Tunatema kinywaji ya mutu, kweli?"

"We tema tu. Tukimeza watasema hatujatembea dunia."

Wakatema, mmoja baada ya mwingine, wakifuta midomo kwa leso.

Nje ya ua mwanamke mmoja alisema kwa Kinyarwanda, bila kupunguza sauti, "Hata hao wameshaambiwa habari ya sumu."

"Na mimi nilikunywa juzi," alisema mwanamume aliyekuwa kando yake, akajishika tumbo. Watu wakacheka.

Shemeji alibaki ameshika jagi. "Shemeji," aliniambia, "wewe ndiye uliyewaleta."

Pombe niliiacha zamani, kwa sababu hunichafulia fikira. Nilichukua glasi mkononi mwa mwongozaji, nikaitoa ijazwe. Shemeji akaonja kwanza. Nikawageukia majirani nje ya ua, nikanywa yote. Nikaomba ya pili. Niseme ukweli, ilikuwa kali kama siki.

"Na wewe, meza," nilimwambia mwongozaji.

"Mi niko kazini, muzee."

"Kazi yako ni mvinyo. Meza."

Alimeza akiwa amefumba macho. Wageni walitazama viatu vyao. Yule mwanamume wa tumbo aliingia akaomba glasi, kwa kuwa ilikuwa ya bure. Yule mwanamke wa nje ya ua aliondoka bila kugusa kitu.

Siku ya soko iliyofuata nilisimama Mahoko kando ya madumu ya shemeji tangu asubuhi. Sikuuza wala sikununua. Nilisimama ili watu wanione niko hai. Kazi hiyo haihitaji vitabu. Yule mwanamke alipita mara mbili, akinikagua uso kama mtu anayechagua nyama. Mara ya tatu alileta chupa yake, akamwambia shemeji aonje kwanza.

Shemeji akaonja.