Saa Moja na Nusu ya Noreen Sugden

Mtaani kwetu Todmorden, mji mdogo kaskazini mwa Uingereza, Noreen Sugden alijulikana kwa uzito wa mikono. Mafundi gesi wengine walikuja kutazama boila, mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto, kwa dakika ishirini, wakanywa chai, wakaondoka. Noreen alikaa saa moja na nusu. "Ukimwita Noreen, mwandalie na kitanda," watu walitania.

Yeye hakujali. Ufundi aliuanza akiwa na miaka arobaini na moja, baada ya kiwanda cha soksi alichofanyia kazi kufungwa, na darasani alikuwa mwanamke pekee. Alichofundishwa alikishika kama sala.

Novemba moja, asubuhi ya mvua ya manyunyu, aliitwa na Mzee Hedley Barraclough, aliyekaa ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wangu. Ilikuwa huduma ya kawaida tu ya kila mwaka. Mkewe, Bi Avis, alikuwa amekaa jikoni na koti mwilini, akiitazama chai yake kana kwamba hajui ni ya nani.

"Usimshangae," Hedley alinong'ona. "Tangu Septemba kichwa hakiachi kumuuma, na maneno yanampotea. Kijana wetu anasema tumpeleke kwenye nyumba ya wazee."

"Huwa hivyo kila siku?"

"Alikwenda kwa dada yake kule Whitby wiki nzima, akarudi mzima kabisa, ananigombeza kama zamani. Siku tatu tu, akaanza tena."

Noreen aliweka begi chini polepole. "Mzee, nitachukua muda leo."

"Lini hukuchukua?"

Kwanza aliiwasha boila akaisikiliza. Akatoka nje kwenye mvua kukagua bomba la moshi, kama limekaa sawa na halikuziba. Akarudi, akaizima, akafungua kifuniko. Alisafisha kichomeo, akabadilisha mpira unaozuia moshi usivuje, akamwaga uchafu wa kikombe kinachonasa maji. Akapima msukumo wa maji, kisha akaenda kwenye mita kupima gesi inayoingia. Mwisho aliiwasha tena, akachomeka kipimo ndani ya bomba ili moshi wenyewe useme.

Moshi ulisema boila ni nzima. Alirudia mara ya pili. Nzima.

"Sasa mbona umenuna?" Hedley alimuuliza. "Habari njema hiyo."

"Ningependa kuikuta mbovu, ingeeleza kichwa cha Bi Avis," Noreen alijibu. "Mna king'ora cha hewa ya sumu, ile ya moshi isiyo na harufu, humu ndani?"

"Kilikuwepo. Betri iliisha, kikawa kinalia lia, nikakitoa."

Noreen hakumgombeza. Kazi ilibaki moja: kupanda juu kuona kama vyumba vinapata joto. Kifuani alikuwa na kipimo kidogo cha hewa hiyo, alichokivaa kila siku kama kitambulisho. Ngazini kilisoma sifuri. Mlangoni mwa chumba cha nyuma, alimolala Bi Avis peke yake, kikasoma ishirini na nane. Karibu na kitanda, kando ya ukuta wenye dohani ya zamani, kikapiga kelele: tisini na nne.

Alifungua dirisha, akashuka mbio. "Tokeni nje. Wote, sasa hivi!"

"Si umesema boila yetu haina neno?"

"Yenu haina neno, mzee wangu. Hii haitoki kwenu."

Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, na ukuta ule Hedley aliuchangia na Desmond Crabtree, mpiga tarumbeta mstaafu aliyeishi peke yake. Noreen alifunga gesi ya Hedley, akapiga simu ya dharura, akaenda kugonga kwa Desmond. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje na mwavuli.

"Umemwona lini?" aliniuliza.

Nilifikiri. Nikaona aibu. "Jumapili." Ilikuwa Jumatano.

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Ndani televisheni ilikuwa inaongea, watu wanacheka. Noreen aliinua kifuniko cha tundu la barua, na joto zito likampiga usoni. Kipimo chake kikalia mfululizo. Akarudi nyuma, akanishika mkono kwa nguvu. "Usisogee hapo."

Zimamoto walivunja mlango. Desmond alikuwa kwenye kiti chake, mashavu mekundu kama mtu aliyetoka kutembea kwenye baridi. Alikuwa amefariki tangu siku mbili hivi.

Boila yake ilikuwa ya zamani, imejengewa nyuma ya jiko la kuotea moto la sebuleni, na moshi wake ulipanda kwenye dohani ya matofali. Kunguru walikuwa wamejaza viota humo hadi juu. Moshi ulikosa njia, ukarudi kwa mwenyewe, na mwingine ukapenya ukutani kwenda kwa Bi Avis. Juu ya rafu palikuwa na karatasi ya huduma, ya wiki sita tu nyuma. Kila kisanduku kilikuwa na alama ya vyema.

Noreen aliitwa kutoa ushahidi kwenye uchunguzi wa kifo. Aliyesaini karatasi ile alikuwapo, mtu mpole mwenye tai ya bluu. Aliulizwa kama aliupima moshi.

"Niliutazama mwali kwa macho," akasema. "Ulionekana sawa."

Noreen aliniambia baadaye kwamba hakumchukia. Kilichomtisha ni kwamba siku aliyosaini karatasi ile, mtu yule alikuwa amepita nyumba nyingine tisa.

Bi Avis alirudiwa na maneno kabla ya Krismasi, ingawa mkono wake wa kulia unatetemeka mpaka leo, na chumba kile cha nyuma haingii. Nyumba ya wazee haikutajwa tena.

Nyumba zile tisa Noreen alizitafuta zote, akiomba aruhusiwe kupima bure. Nane walimfungulia. Katika mbili kati ya hizo, gesi ilifungwa siku hiyohiyo. Ya tisa, juu kule mlimani, mwenye nyumba aliongea naye kupitia dirishani.

"Karatasi ninayo, kipenzi," alisema. "Kila kitu kiko sawa." Akarudisha pazia. Noreen alisimama barabarani akiitazama dohani, isiyotoa moshi hata kidogo ilhali joto la ndani lilikuwa limetia ukungu vioo vya dirisha, kisha akaingia garini na kupiga simu ya dharura.